Kilomita Hazibadiliki, Saa Hubadilika: Nairobi hadi New York

Kutoka Nairobi hadi New York ni kilomita 11,840 hivi. Nambari hiyo naijua kwa moyo, na kila nikiitaja mteja hutikisa kichwa kwa adabu, kisha huuliza alichotaka kuuliza tangu alipoketi: "Sawa dada, lakini ni masaa mangapi?"

Mimi ni wakala wa tiketi za ndege. Nilizaliwa Mombasa, riziki nikaifuata Nairobi, na ofisi yetu iko ghorofani, Moi Avenue, juu ya duka la simu. Mezani kwangu kuna kompyuta, kikokotoo, tufe la plastiki na kipande cha uzi. Wenzangu hulicheka tufe hilo. Mimi hulitetea, kwa sababu anayepanda ngazi zetu kuulizia Marekani mara nyingi ni mzazi anayekwenda kumwona mjukuu, kijana aliyepata nafasi ya chuo, au muuguzi aliyepata kazi. Wengi wao safari ndefu kuliko zote waliyowahi kuruka ni ile ya Mombasa.

Watu hawa hawanunui kilomita. Wananunua saa, tena saa za kukaa mahali pamoja, magoti yamekunjwa. Na saa hazitoki kwenye ardhi peke yake. Hutokana na upepo, na uzito wa ndege, na urefu wa Nairobi kutoka usawa wa bahari, na vita vya nchi ambazo hutatua humo, na foleni ya ndege zinazongoja kushuka. Anayeelewa jinsi saa zinavyopatikana hununua tiketi kwa akili kuliko anayelinganisha bei tu.

Rula na uzi

Mwalimu mmoja mstaafu wa historia alikuja ofisini na atlasi ya shule na rula. Binti yake anaishi New Jersey, ng'ambo ya mto kutoka New York, na alikuwa amemwalika akae naye miezi mitatu. Mzee alikuwa amekwisha kuchora safari yake kwa kalamu ya risasi.

"Binti yangu," akaniambia, "tutapita Kongo, tuingie Afrika ya Kati, Nigeria, halafu tutokee baharini Mauritania. Sivyo?"

Nilimsogezea tufe. Nikamwomba abane ncha moja ya uzi juu ya Nairobi, nyingine juu ya New York, kisha auvute mpaka ukaze. Uzi uliokazwa hauna ubishi, hujitafutia wenyewe njia fupi. Nao haukuelekea magharibi kama rula. Ulipanda kaskazini-magharibi, ukapita juu ya Lira nchini Uganda, karibu na Yei, Sudan Kusini, ukakata kona ya Darfur, ukaingia Chad, ukavuka jangwa la Niger na Algeria, ukatoka Afrika kupitia Morocco. Baharini ulipita kwenye Visiwa vya Azores, vya Ureno, kabla ya kuteremka kuelekea New York.

Rula ya mwalimu haikuwa na kosa, ramani ndiyo yenye mambo yake. Dunia ni mviringo na karatasi ni bapa, kwa hiyo kila ramani inanyoosha kitu fulani ili kingine kikae sawa. Ramani tuliyoizoea shuleni inafuata mtindo wa Gerardus Mercator, aliyeichora mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia. Ukichora mstari ulionyooka juu yake, nahodha anaweza kuufuata kwa dira bila kugeuza mwelekeo hata mara moja. Hiyo ni faida kubwa kwa mwenye chombo baharini, lakini mstari huo si mfupi. Njia ya rula kutoka Nairobi hadi New York ni takriban kilomita 12,190. Ya uzi ni 11,840. Tofauti ya kilomita 350 ni mafuta mengi, na ndiyo maana marubani hupanga safari zao kwa kuanzia na njia ya uzi, ambayo wataalamu huiita duara kuu.

Uzi ule una jambo lingine ambalo wateja hulipenda. Ukiukunja katikati ili upate nusu ya njia, kidole kinaangukia karibu na Marrakech, Morocco. Yaani nusu nzima ya safari ya kwenda Marekani ni kuimaliza Afrika. Mwalimu alikitazama kidole chake kwa muda, akasema miaka yote amekuwa akiwafundisha watoto kwamba bara hili ni kubwa, lakini hakuwahi kulipimia hivyo.

Saa mbili ziko wapi?

Sasa tugeukie hesabu. Ndege inayotumiwa kwa safari ya moja kwa moja ya Kenya Airways, Boeing 787-8 Dreamliner, husafiri kwa kasi ya takriban kilomita 900 kwa saa ikishatulia juu. Gawanya 11,840 kwa 900, utapata saa 13 na dakika 9 hivi. Ratiba iliyotangazwa safari hiyo ilipoanza tarehe 28 Oktoba 2018 ilisema ndege itaondoka Nairobi saa 23:25 na kufika New York saa 06:25. Kwa saa za majira ya baridi ya Marekani, hizo ni saa 15 kamili. Karibu saa mbili hazimo kwenye hesabu ya kikokotoo.

Sehemu yake ya kwanza huanza kuliwa hata kabla ya kuruka. Muda ulioandikwa kwenye tiketi huanza kuhesabiwa ndege inapoanza kusogea kutoka pale abiria walipopandia, na huisha inaposimama kabisa upande wa pili. Ndani yake mna kutambaa hadi njia ya kurukia, kungoja zamu, kupanda mpaka kilomita 10 au 12 juu, kushuka polepole, kuzungushwa angani kiwanja kikijaa, na kutambaa tena baada ya kutua. Uwanja wa John F. Kennedy, New York, ni mojawapo ya viwanja vyenye shughuli nyingi Marekani. Shirika lolote lenye busara huongeza dakika za akiba kwenye ratiba, ili ndege ikichelewa kidogo bado ihesabike imefika kwa wakati.

Safari fupi ndizo zinazoonyesha vizuri gharama ya kupanda na kushuka. Nairobi hadi Mombasa kwa njia ya anga ni kilomita 420 hivi. Kwa kasi ya 900 ungekuwa umefika kwa nusu saa, ilhali ratiba hutenga kama saa moja, kwa sababu ndege ikimaliza kupanda huwa imekaribia kuanza kushuka. Katika safari ya New York dakika hizo ni zilezile, ila humezwa na saa nyingi za katikati. Kwa hiyo usichukue muda wa Mombasa ukauzidisha ili upate wa Marekani. Wapo wateja wanaofanya hivyo, na hupata zaidi ya siku nzima, wakakaribia kughairi safari.

Upepo haulipi deni lote

Sehemu ya pili ni upepo, na hapa ndipo penye utamu.

Juu sana, pale ndege za abiria zinapopita, kuna mikondo ya upepo inayokimbia kutoka magharibi kwenda mashariki. Mara nyingi kasi yake hupita kilomita 160 kwa saa, na siku nyingine hupita 300. Mjapani Wasaburo Oishi aliipima katika miaka ya 1920 kwa kurusha maputo, akachapisha matokeo yake kwa Kiesperanto, lugha iliyobuniwa ili watu wa mataifa yote waelewane. Waliomsoma walikuwa wachache. Marubani wa kivita wa Marekani waliikuta mikondo hiyo wenyewe mwaka 1944, ndege zao zilipokuwa juu ya Japani na upepo ukazisukuma nje ya shabaha.

Ndege haisafiri juu ya ardhi, husafiri ndani ya hewa. Ni kama mtumbwi katika Mto Tana: mpigakasia anaweza kuweka nguvu zilezile kwenda na kurudi, lakini kingo za mto zitampita haraka akifuata maji na polepole akiyapinga. Vivyo hivyo kasi ya 900 ni kasi ya ndege dhidi ya hewa inayoizunguka. Hewa yenyewe ikiwa inakwenda upande wa pili, kilomita za ardhini hupungua.

Februari 2020, kimbunga kilichoitwa Ciara kilipokuwa kikivuka Atlantiki, ndege ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56. Kwa kawaida safari hiyo huchukua zaidi ya saa 6. Kuna wakati kasi yake juu ya ardhi ilipita kilomita 1,300 kwa saa, na bado haikuivunja kasi ya sauti, kwa sababu ndani ya hewa yake ilikuwa ikienda mwendo wake wa kawaida.

Anayetoka Nairobi kwenda New York huelekea magharibi, kwa hiyo anaupinga upepo huo, hasa kuanzia juu ya Sahara na kuvuka Atlantiki. Anayerudi husukumwa. Ratiba ya mwaka 2018 ilionyesha hivyo: kuondoka New York saa 12:25 mchana, kufika Nairobi saa 10:55 kesho yake. Toa tofauti ya saa nane, zinabaki saa 14 na nusu, pungufu kwa nusu saa kuliko kwenda.

Mteja mmoja, mhasibu, aliniambia haina neno, kwa kuwa atakachopoteza akienda atarudishiwa akirudi. Nilimpa kikokotoo ajaribu mwenyewe. Chukua upepo wa wastani wa kilomita 50 kwa saa njia nzima. Kwenda, ndege hupata 850: saa 13 na dakika 56. Kurudi hupata 950: saa 12 na dakika 28. Jumla ni saa 26 na dakika 24. Kama pasingekuwa na upepo hata kidogo, kwenda na kurudi kungechukua saa 26 na dakika 19. Upepo umebaki na dakika tano. Sababu ni kwamba ukiwa unaupinga unakaa nao muda mrefu zaidi kuliko ukiwa unasukumwa, kwa hiyo madhara hukaa zaidi ya faida. Dakika tano si kitu kwa abiria, lakini mhasibu alifurahi kuliko aliyepewa punguzo la bei.

Kwa sababu hiyo mpango wa safari hupangwa upya kila siku kufuatana na utabiri wa hali ya hewa. Wakati mwingine marubani huacha njia ya uzi, wakazunguka kilomita mia kadhaa ili wakwepe kiini cha mkondo, na bado wakawahi kufika. Njia fupi kwa kilomita na njia fupi kwa saa ni njia mbili.

Nairobi iko juu, na hewa yake ni nyepesi

Jambo la tatu linahusu mji wetu wenyewe. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Kennedy iko mita 4 tu. Kwenye urefu wa Nairobi uzito wa hewa hupungua kwa takriban asilimia 15. Mabawa hushikilia hewa pungufu, na injini huvuta hewa pungufu, kwa hiyo ndege yenye uzito uleule huhitaji kukimbia kwa kasi zaidi na mbali zaidi kabla ya kuinuka. Jua likiwaka hewa hutanuka, mambo yakazidi kuwa magumu. Njia ya kurukia ya Nairobi ina urefu unaozidi kilomita 4, na kuondoka karibu na usiku wa manane, baridi ikiwa imeingia, husaidia.

Kenya Airways ilipoanzisha safari hii ilitangaza kwamba kila upande utahitaji tani 85 za mafuta, marubani 4 na wahudumu 12. Dreamliner ya aina hiyo hairuhusiwi kuruka ikizidi tani 228 hivi, kila kitu kikiwemo. Hivyo zaidi ya theluthi moja ya uzito wa juu kabisa ni mafuta. Ikiwa urefu wa Nairobi unakataza kufikia tani zote hizo, kitakachopunguzwa hakiwezi kuwa mafuta ya kuvukia Atlantiki. Ni mizigo, au viti vya abiria.

Jirani zetu wa Ethiopia wanalijua vizuri zaidi. Uwanja wa Addis Ababa uko zaidi ya mita 2,300 juu. Kwa miaka mingi ndege za Ethiopian Airlines ziendazo Washington zimekuwa zikisimama mahali kuongeza mafuta, kwa kipindi kirefu Dublin, lakini zikitoka Washington, karibu na usawa wa bahari, huruka moja kwa moja hadi Addis. Umbali ni uleule, ndege ni ileile, lakini kwenda ni safari ya kusimama na kurudi si ya kusimama. Mteja akiniuliza kwa nini tiketi yake ina kituo wakati wa kwenda tu, jibu huwa ni hilo.

Anga zenye makufuli

Uzi wa kwenye tufe haujui mipaka. Ndege inaijua. Sudan ilifunga anga yake mapigano yalipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, na ile kona ya Darfur ambayo uzi wetu unaikata ikawa haipitiki. Mwaka huohuo, baada ya mapinduzi ya Julai, Niger nayo ilifunga anga yake kuanzia tarehe 6 Agosti mpaka 4 Septemba. Niger ni nchi pana, iko katikati kabisa ya njia ya uzi. Kila kufuli la namna hiyo lina maana ya kuzunguka, na kuzunguka ni mafuta, na mafuta ni uzito, na uzito Nairobi tumekwisha kuuona.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mwaka juzi ndugu yake alifika kwa dakika chache kuliko tiketi yake inavyosema, sibishani naye. Huenda anga ilikuwa wazi wakati ule.

Tarehe ndiyo inayoumiza

Haya yote ni ya kujua. Lakini ukitaka kujua kinachowakosesha watu ndege, si upepo wala mapinduzi. Ni saa na tarehe.

Tiketi huandika muda wa kuondoka kwa saa za mahali unapoondoka, na muda wa kufika kwa saa za mahali unapofika. Wengi huondoa moja kwa nyingine. Kutoka 23:25 hadi 06:25 wanaona saa saba, wanakuja kuniuliza kwa furaha kama kweli Amerika imesogea hivyo. Wakitazama tiketi ya kurudi, 12:25 hadi 10:55, wanaona saa 22 na nusu, furaha inaisha. New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane wakati wa baridi yao. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, Wamarekani huisogeza saa yao mbele, na tofauti inakuwa saa saba. Sisi hatubadilishi kitu, ila ratiba zetu za kwenda kwao hubadilika.

Halafu kuna usiku wa manane. Tiketi inaposema 00:50 tarehe 15, kwetu hiyo ni saa sita na dakika 50 usiku, na huo ndio usiku wa kuamkia tarehe 15. Maana yake uwe uwanja wa ndege tarehe 14 jioni, umekwisha kula na kuaga. Watu wasomi kabisa hufika tarehe 15 usiku na masanduku yao, na ndege yao imekwisha kutua Marekani. Ndiyo sababu ofisini kwetu hatumwachi mteja aondoke mpaka aseme kwa mdomo wake atatoka nyumbani siku gani na saa ngapi, kwa Kiswahili cha nyumbani, si kwa nambari za kompyuta.

Moja kwa moja, au kupitia mahali?

Mwalimu, kwa kuwa ni mtu wa historia, alinikumbusha Septemba 1959, wanafunzi 81 wa Kenya waliopelekwa kusoma Marekani kwa mpango wa mwanasiasa Tom Mboya walipotua New York, kwenye kiwanja kilichoitwa Idlewild, ambacho baada ya kifo cha Rais Kennedy kilipewa jina lake. Mwanamazingira Wangari Maathai alifuata mwaka 1960. Ndege za siku zile zisingeweza kuumaliza mwendo huo bila kusimama. Hata baada ya ndege zenye uwezo kupatikana, mlango wa safari ya moja kwa moja haukufunguka mpaka Februari 2017, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilipoithibitisha Kenya kuwa imefikia viwango vya usalama vinavyotakiwa. Miaka karibu sitini ilipita kati ya wanafunzi wa Mboya na tiketi isiyo na kituo.

Je, kituo ni kibaya? Rudi kwenye tufe. Nairobi hadi Amsterdam ni kilomita 6,680 hivi, na Amsterdam hadi New York ni 5,850. Jumla 12,530, yaani hata kilomita 700 hazikuongezeka. Kwenye ramani ya ukutani Amsterdam inaonekana ni kuzunguka kwa mbali, kwenye tufe iko karibu njiani. Dubai ni kinyume chake. Ni kilomita 3,560 kwenda, kisha 11,000 kutoka huko hadi New York. Jumla 14,560, zaidi ya kilomita 2,700 za ziada, na sehemu ya kwanza unakwenda kaskazini-mashariki huku uendako kuko kaskazini-magharibi. Bei inaweza kuwa nzuri, na kwa mtu mwenye ndugu Dubai ni nafasi ya kuwaona, lakini ajue anachonunua.

Ushauri wangu hutegemea mwili wa mtu kuliko mfuko wake. Kijana mwenye mzigo mmoja namwambia aende moja kwa moja, alale, aamke amefika. Mama mwenye mtoto mchanga vilevile, kwa sababu kubadilisha ndege na mtoto mgongoni, begi mkononi, na foleni ya ukaguzi mbele ni kazi inayozidi saa zenyewe. Lakini mtu mzima mwenye magoti mabovu au miguu inayovimba, saa 15 mfululizo kitini si zawadi. Kwake kituo cha saa tatu au nne cha kutembea, kunyoosha mgongo na kunywa chai ni dawa, mradi kisiwe cha dakika 50, maana hapo atakimbia. Akipita moja kwa moja, namsihi achukue kiti cha kando ya ujia, ainuke atembee kila baada ya muda, na anywe maji.

Kuna pia uchovu wa kubadili saa. Ukielekea magharibi siku yako inarefuka, na watu wengi mwili wao huvumilia kuchelewa kulala kuliko kulazimishwa kulala mapema. Wengi hupata taabu zaidi wakirudi Nairobi kuliko walipokwenda. Mwenye kikao kazini asikipange siku anayotua.

Mwalimu alichagua Amsterdam, na magoti yake ndiyo yaliyoamua. Binti yake alipiga simu kutoka New Jersey akiuliza kwa nini babake anazungushwa wakati kuna ndege ya moja kwa moja. Mzee akamjibu mwenyewe kwamba ni kilomita 700 tu, na kama ana tufe aupime kwa uzi.

Nikipewa nafasi ya kuwaomba kitu wenzangu wa kazi hii, ningeomba kila tiketi iandikwe jumla ya saa za safari nzima, kuanzia mlango wa kupandia hadi mlango wa kushukia, vituo vikiwemo. Mifumo mingi huonyesha jumla hiyo wakati wa kutafuta safari, lakini karatasi anayobeba mteja mara nyingi huwa na saa za kuondoka na kufika peke yake. Mpaka hapo kwetu tunaandika kwa kalamu juu ya karatasi, kwa herufi kubwa: *Utatoka nyumbani Ijumaa saa moja jioni. Ndege itaruka saa tano na dakika 25 usiku. Utakaa ndani yake saa 15. Utafika Jumamosi saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi kwao, saa nane na dakika 25 mchana kwetu. Anayekupokea mwambie ya kwao. Anayekungojea simu nyumbani mwambie ya kwetu.* Kilomita hatuziandiki.